Damu imesomeka safi: je, mishipa ya moyo nayo ni mizima?

SWALI

Dokta, pole na majukumu. Mimi ni mama wa miaka 54, nauza nafaka soko la Majengo hapa Dodoma. Mwezi wa pili tulimzika kaka yangu Manyoni. Alianguka ghafla akiwa na miaka 51, tukaambiwa ni moyo. Baada ya arobaini hofu ikanishika, nikaenda maabara moja hapa mjini nikalipia chekapu ya moyo. Majibu ni haya: kolesteroli jumla 5.9, LDL 3.9, HDL 1.2, trigliseridi 1.8, CRP 14, troponini hakuna. Kijana wa maabara akaniambia nitulie, moyo ni mzima. Wiki mbili baadaye wakaja watu sokoni na mashine ya kushika kiganjani, wakasema mishipa ya moyo imeziba asilimia 60, wakaniuzia dawa ya kusafisha. Sasa nimwamini nani? Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha wazi kama mishipa ya moyo imeziba au la? Presha yangu mara ya mwisho ilikuwa 152/94, dawa ninazo, nameza nikijisikia vibaya. Sukari sijapima. Halafu nina vidonda vya tumbo vya siku nyingi. Siku hizi nikipanda ngazi au nikiharakisha vinanibana hapa kwenye chembe ya moyo mpaka nisimame kidogo ndipo vinaachia, ila hilo si la moyo, nimelisema tu.

JIBU

Dada yangu, pole sana kwa kaka. Swali lako la damu nitalijibu, lakini siwezi kuanza nalo. Naanza na lile uliloliweka mwisho kabisa, ukasema umelisema tu.

Vidonda vya tumbo havijui ngazi. Mwenye vidonda huumwa akikaa na njaa, au akishakula, au usiku wa manane anaamka kutafuta cha kutuliza. Sijaona kidonda cha tumbo kinachongoja mtu afike ghorofa ya pili ndipo kibane, halafu kimwachie akishashika ukuta dakika mbili. Kinachofanya hivyo mara nyingi ni msuli wa moyo unaodai damu nyingi kuliko inayoweza kupita kwenye mishipa yake. Ukisimama, dai linapungua na maumivu yanaondoka. Sisi tunaiita anjaina. Wala si lazima ije kifuani upande wa kushoto kama wanavyoigiza kwenye tamthilia. Kwa wengi hukaa katikati, chini ya mfupa wa kifua, au hupanda shingoni na kwenye taya, au hushuka mkononi. Kwa kina mama hasa huweza kuwa kuhema tu na uchovu usioeleweka. Mahali unapopashika wewe, wazee hawakupaita chembe ya tumbo, walipaita chembe ya moyo. Huwa nawaambia wanafunzi wangu hilo peke yake ni somo la nusu saa.

Sijasema unao ugonjwa huo, sijakupima. Nasema maelezo yako yanafanana nao kiasi kwamba kuendelea kuyaita vidonda ni kujiweka hatarini. Nani alikuambia una vidonda, na kwa kipimo gani? Kama ni kile cha damu cha bakteria wa tumbo, kikaseti kinachosoma chanya au hasi, hicho huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria huyo. Hakionyeshi kidonda. Kidonda huonekana kwa kamera inayoshushwa tumboni.

Kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma: kama hali hii imeanza ndani ya miezi miwili hii, au inakuja kwa ngazi chache kuliko mwanzo, usingoje nafasi ya biashara wala mwisho wa mwezi. Nenda hospitali kesho asubuhi. Na kama itakubana umekaa, au ikakaa zaidi ya dakika 10 bila kuachia, au ikaja na jasho la baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, hiyo ni ya kwenda saa ileile, kwa gari, ukiendeshwa na mtu mwingine. Tafuna aspirini ya miligramu 300 ukiwa njiani, isipokuwa kama una mzio nayo au umewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Hiyo ni ya siku hiyo tu, usianze kuimeza kila siku kwa uamuzi wako.

Sasa damu.

Kipimo cha damu kinachosema mshipa wa moyo umeziba kiasi gani hakipo. Hakipo Dodoma, hakipo Dar es Salaam, hakipo London. Si kwamba watu hawajakitafuta. Marekani waliwahi kuuza kipimo kilichosoma jeni 23 kwenye damu na kutoa alama ya uwezekano wa mtu kuwa na mishipa iliyoziba. Baadaye bima ya serikali ya kule ikakataa kuendelea kukilipia, kikapotea sokoni. Wengine wanatafuta mpaka leo, kwa protini na vipande vidogo vya chembe za urithi. Nawatakia heri. Lakini hakuna hata kimoja kilichochukua nafasi ya kumsikiliza mgonjwa na kumpiga picha.

Sababu yake unaweza kuielewa kwa birika lako. Unakaa Dodoma, unayajua maji yetu. Chemshia birika mwezi mzima bila kulisugua, ndani linaota ukoko mweupe. Wengi hudhani mafuta kwenye mishipa ni vilevile: yameganda juu ya ukuta, damu inapita na kuyakwangua, kwa hiyo ukichota damu utayakuta humo, na ukinywa kitu chenye nguvu utayasafisha. Ingekuwa hivyo kazi yangu ingekuwa rahisi. Ukweli ni kwamba yale mafuta hayakai juu ya ukuta wa mshipa. Yamo ndani ya ukuta wenyewe. Chembe za LDL, zile zinazobeba kolesteroli kwenye damu, hupenya chini ya ngozi laini ya mshipa, zinanasa humo, seli za kinga zinakuja kuzimeza, zinavimba, zinafia palepale, na mwili unajenga kifuniko juu yake. Hilo huchukua miaka 20, 30. Fikiria ukuta wa tofali unaofyonza unyevu chini ya lipu. Nje rangi bado inang'aa, ndani panavimba. Damu inapita juu ya lipu, haigusi kilicho chini, kwa hiyo haina habari nyingi za kukuletea.

Halafu siku moja lipu inapasuka. Damu ikigusa kile kilichokuwa kimefichwa, inaganda ndani ya dakika, mshipa unaziba kabisa, na msuli wa moyo uliokuwa ukilishwa na mshipa huo unaanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Na mara nyingi sehemu inayopasuka si ile iliyokuwa imebana sana. Huwa ni uvimbe wa wastani ambao haukuwahi kumletea mtu maumivu yoyote. Huenda ndivyo ilivyokuwa kwa kaka yako. Watu wanasema alikuwa mzima jana yake, nao hawasemi uongo.

Damu basi huleta habari za aina mbili. Kuna habari za kabla: ni nini kinachopenya kwenye ukuta, na kwa wingi gani. Kuna habari za baada: msuli umeshaumia. Katikati yake, pale mshipa umekwisha kubana lakini hakuna kilichokufa, damu iko kimya. Kwa maelezo yako, nadhani wewe uko hapo katikati.

Tuanze na habari za baada, yaani troponini, kwa sababu ndiyo iliyomdanganya yule kijana.

Troponini ni protini iliyo ndani ya nyuzi za msuli wa moyo. Haina kazi kwenye damu. Ikionekana huko kwa wingi, maana yake seli za moyo zimepasuka na kumwaga vilivyomo. Kwa vipimo vya kisasa inaanza kuonekana saa 1 hadi 3 baada ya msuli kuanza kufa, kwa vile vya zamani saa 3 hadi 6, kisha inabaki juu kwa wiki nzima na zaidi. Ndiyo maana ni kipimo kizuri sana kwa mtu aliyeletwa dharura na kifua kinachobana. Lakini wewe ulikwenda maabara kwa miguu yako, hujaumwa siku hiyo, na hujaumwa mfululizo wiki ile. Jibu la "hakuna" lilimaanisha kitu kimoja tu, kwamba siku za karibuni hukuwa umepata shambulio kubwa. Ni sawa na kwenda polisi kuuliza kama nyumba yako imevunjwa, ukaambiwa haijavunjwa, ukarudi ukaacha mlango wazi.

Na kuna jambo jingine kwenye neno hilo "hakuna". Kipimo kinachoandikwa hakuna au ipo mara nyingi ni kikaseti, ndugu yake kile cha malaria: tone la damu, unangoja dakika 15, unahesabu mistari. Mstari wa pili hautokei mpaka troponini iwe imepanda vya kutosha. Vipimo vya hospitali kubwa hutoa namba, na namba hiyo hurudiwa baada ya saa 1 hadi 3 kuona kama inapanda. Ule mwendo wa namba ndio unaotuambia zaidi.

Somo hili nililipata kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa zamu ya usiku kwenye hospitali moja, akaletwa dereva wa lori aliyekuwa akipeleka mahindi. Alikuwa na maumivu ya saa moja hivi, hapohapo kwenye chembe ya moyo, na alikuwa na pakiti ya dawa za vidonda mfukoni. Tukaweka tone kwenye kikaseti. Mstari mmoja. Nakumbuka nilikiinua nikakitazama kwenye taa nikitafuta kivuli cha mstari wa pili, sikukiona, nikafurahi. Nikampa dawa ya tumbo, nikamruhusu. Alfajiri akarudishwa na utingo wake, kijivu, shati limelowa. Kikaseti cha pili kilitoa mistari miwili kabla hata damu haijamaliza kutambaa. Alipona, lakini moyo wake haukurudi kusukuma kama zamani na lori aliliacha. Kosa halikuwa la kikaseti. Nilikiuliza swali kabla ya wakati wake, nikaliamini jibu kuliko mtu aliyekaa mbele yangu.

Nikuongezee kwamba troponini hupanda pia kwa mwenye figo zilizochoka, kwa maambukizi makali ya damu, kwa donge la damu kwenye mapafu na kwa uvimbe wa msuli wa moyo wenyewe. Kwa hiyo hata ikipanda, si lazima mshipa uwe umeziba. Inasema moyo umeumia. Haisemi nani amempiga.

CRP yako ya 14 nisiipe maneno mengi. Ni kiashiria cha uvimbe mwilini, kinatoka kwenye ini. Kipimo chake cha unyeti wa juu hutumika kukadiria hatari ya moyo: chini ya 1 ni nzuri, 1 hadi 3 ya kati, juu ya 3 si nzuri. Lakini kikivuka 10 hakizungumzii moyo tena, kinazungumzia maambukizi: jino, mkojo, mafua, malaria iliyokuwa inakuja au kuondoka. Ulikuwa na nini wiki ile? Huenda hata hukumbuki. Kirudiwe ukiwa mzima, wiki mbili au tatu baadaye, kama kuna atakayekihitaji. Mimi kwa hali yako sikihitaji.

Habari za kabla ndizo zenye utajiri, na karatasi yako inazo kuliko ulivyoambiwa.

Chukua kalamu. Kolesteroli jumla 5.9. Toa HDL 1.2, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, unabaki na 4.7. Namba hiyo haijaandikwa kwenye karatasi yako na hukuilipia, lakini ni ya maana sana: ni kolesteroli yote iliyobebwa na chembe zinazoweza kupenya ukutani. Sasa gawanya trigliseridi, yaani mafuta mengine ya kwenye damu, 1.8 kwa 2.2, unapata 0.8. Toa kwenye 4.7, unapata 3.9. Umeiona? Ndiyo LDL yako. Maabara nyingi haziipimi, zinaikokotoa hivyohivyo ulivyofanya. Hesabu hiyo inakubalika ilimradi trigliseridi zisizidi 4.5, zikizidi hapo, LDL ya kukokotoa isiaminiwe. Na kama siku nyingine utapewa majibu kwa kipimo cha miligramu, usishtuke kuona 151 mahali pa 3.9, ni kitu kilekile, unazidisha kwa 38.67. Nimeona watu wakilia kwenye benchi kwa sababu ya kubadilishiwa kipimo.

Yule kijana alitazama safu ya pembeni iliyoandikwa viwango vya kawaida, akaona 3.9 haijapita mbali, akasema tulia. Safu ile haikujui. Haijui kwamba kaka yako alikufa na miaka 51, na sisi tunahesabu ndugu wa kiume wa tumbo moja aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55 kuwa onyo la kifamilia. Haijui presha yako wala ngazi. Kwa mtu ambaye mishipa yake ya moyo imethibitika kuwa na ugonjwa, madaktari wa moyo wa Ulaya tangu 2019 wanataka LDL ishushwe chini ya 1.4, na ipungue angalau kwa nusu. Ukithibitika una ugonjwa huo, 3.9 ile "ya kawaida" inakuwa karibu mara tatu ya inayotakiwa. Dawa za kuishusha zipo na si ngeni mjini hapa, atovastatini kwa mfano, lakini uandikiwe na daktari aliyekuona.

Wewe ni mtu wa nafaka, basi hiki utakielewa kuliko wanafunzi wangu. Ukitaka kujua msongamano wa barabara ya kuingia soko la Kibaigwa, utahesabu magunia au utahesabu malori? Malori. Lori lenye magunia machache linakaba njia sawa na lililojaa. LDL kwenye karatasi yako ni hesabu ya magunia: kolesteroli iliyobebwa. Kuna kipimo kinachohesabu malori yenyewe, kinaitwa apolipoproteini B, maabara huandika ApoB, kwa sababu kila chembe inayopenya ukutani imebeba protini hiyo moja, si mbili. Kwa mwenye kisukari, kitambi au trigliseridi za juu, magunia yanaweza kuonekana machache huku malori yakiwa mengi, na hapo ApoB husema ukweli zaidi. Kama haipatikani, ile 4.7 uliyoipata kwa kutoa inakaribia kufanya kazi hiyo bure.

Kuna kimoja zaidi ambacho ningependa ukipime mara moja katika maisha yako, kwa sababu ya kaka. Ni lipoproteini a ndogo, huandikwa Lp(a). Iligunduliwa Norway mwaka 1963 na mtafiti Kåre Berg. Ni ndugu ya LDL aliyevaa koti la ziada, na wingi wake mtu hurithi kwa wazazi. Haijali ugali wa uwele wala mazoezi, na haibadiliki sana toka utotoni hadi uzeeni, ndiyo maana mara moja inatosha. Takriban mtu 1 kati ya 5 duniani anayo nyingi, juu ya miligramu 50 kwa desilita ya damu, na sisi wenye asili ya Afrika kwa wastani tunayo zaidi ya Wazungu. Ikiwa juu, hatuna vidonge vya kawaida vya kuishusha, lakini inatufanya tuwe wakali zaidi kwa presha, sukari na LDL. Si kila maabara inayo. Uliza kabla ya kulipia safari.

Ajabu ya chekapu yako ni kwamba ilikuwa na troponini usiyoihitaji, ikaacha sukari unayoihitaji. Pima sukari ya asubuhi kabla ya kula; ikifika 7.0 na ikarudiwa ikafika tena, ni kisukari. Au HbA1c, ile ya wastani wa miezi mitatu, ambayo ni kisukari kuanzia asilimia 6.5. Tahadhari moja ya kwetu: kama una siko seli, hata ile ya kurithi kwa mzazi mmoja, au upungufu wa damu, HbA1c inaweza kusoma kombo, basi mwambie daktari. Pima pia wingi wa damu, maana damu ikiwa kidogo moyo wenye mishipa iliyobana hulalamika mapema zaidi, na wapo niliowatibu damu tu, ngazi zikawa nyepesi. Kreatinini ya figo, kwa sababu nitakazozitaja chini. Na homoni ya tezi ya shingo, kwani ikilegea hupandisha LDL. Homosisteini utakayokuta kwenye vifurushi vya bei mbaya iache. Watu walipewa vitamini ikashuka vizuri kabisa, mashambulio ya moyo hayakupungua.

Ile mashine ya kiganjani sasa. Haikuchota damu, haikupiga picha, haikusoma umeme wa moyo. Asilimia 60 ya mshipa kubana ni namba inayopatikana kwa kuingiza rangi ndani ya mishipa ya moyo na kuipiga picha, mtu akilala mezani. Mtu anayeipata kwa kukushikisha chuma sokoni ameitoa kichwani mwake. Inawezekana kabisa mishipa yako imebana, na bado wale watu hawakujua. Ile dawa usiitupe, ibebe uende nayo kwa daktari, chupa na karatasi yake. Vitu vya namna hiyo vingine hugombana na dawa za presha au kuchosha figo, na ni vizuri ajue ulichokunywa.

Ukifika hospitali, watakuanzia na ECG, ile ya nyaya kifuani. Ikisoma vizuri usirudi kushangilia. Ikichukuliwa umepumzika, mtu mwenye anjaina anaweza kuwa nayo safi kabisa, maana moyo haudai chochote wakati huo. Eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, itaonyesha moyo unavyosukuma na kama kuna sehemu ya ukuta wake iliyolegea. Baada ya hapo daktari ataamua: kutembezwa kwenye mashine huku unasomwa, au picha ya CT yenye rangi, au moja kwa moja kwenye katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni. Rangi hiyo hupitia kwenye figo kutoka mwilini, na ndiyo sababu ya ile kreatinini. Huna haja ya kwenda mbali. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wanaweza kukuanzia, na Benjamin Mkapa pale UDOM wana huduma za moyo pamoja na chumba cha katheta. Wakiona ni ya kupeleka mbele, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Muhimbili, na kwa SGR unafika Dar mchana uleule.

Utasikia pia juu ya majedwali ya Shirika la Afya Duniani ya kukadiria hatari ya moyo, yaliyotolewa upya 2019. Mazuri sana, na yapo hata ya kutumia pasipo maabara, kwa umri, jinsia, sigara, presha na uzito kwa urefu. Nayatumia kila wiki. Lakini ni ya watu wasio na dalili. Mwenye kubanwa akipanda ngazi hatumkadirii kwenye jedwali, tunamchunguza.

La presha nitalisema kwa ufupi kwa sababu utakuwa umeshalisikia, tena na tena. 152/94 haisikiki. Ukingoja ujisikie vibaya ndipo umeze, unameza siku ambayo pengine imekwisha kupanda na kushuka mara mia. Dawa ni kila siku, saa ileile, uwe na harusi au msiba. Na mafuta ya kuganda jikoni punguza, alizeti ya Singida inatosha, ila isikaangiwe mara ya nne.

Kesho ukiingia kwa daktari, usianze na karatasi ya maabara. Ukianza nayo, ataisoma na muda utaisha. Usiseme "nina vidonda" pia, atakuandikia dawa ya vidonda. Mwambie hivi: "Nikipanda ngazi kunanibana hapa, nikisimama dakika mbili kunaachia, na kaka yangu alikufa ghafla na miaka 51." Mwonyeshe kwa kiganja mahali penyewe, mwambie ni ngazi ngapi, na zilikuwa ngapi mwezi uliopita. Karatasi itoe baadaye, akiiulizia.

Na yule marehemu kama aliacha watoto, wewe ndiye shangazi yao. Wapeleke wakapime kolesteroli, wakubwa kwa wadogo, na ile Lp(a) kama itapatikana. Wao hawana haja ya kungoja ngazi ziwabane.